Wa Nne Kutoka Kushoto

Shinyanga Mjini,
11 Februari 2024

Baba mkubwa Pantaleo,

Shikamoo. Mfikishie na mama mkubwa Mariana shikamoo yake, umwambie michembe ya viazi aliyonipa Krismasi imekwisha na mjukuu wenu Nelly bado anauliza. Nelly ameanza kidato cha kwanza. Sare imemzidi mabega, lakini amekataa isipunguzwe, anasema atakua. Sisi hatujambo. Mvua hapa mjini ni ya kunyunyiza tu, tunasikia huko Masumbwe mnaipata ya kutosha.

Najua utafurahi kwamba nimeandika. Tangu baba alipofariki ukanichukua, umekuwa ukisema simu ni ya kuuliza kama mtu amefika salama, na mambo yenye uzito yaandikwe. Hili lina uzito. Fungua bahasha ya pili polepole, usiikunje.

Familia moja ya Ujerumani imetuletea, pale kwenye nyumba ya kumbukumbu ninakofanya kazi, nakala za picha za babu yao. Alikuwa mpima ardhi, akapita huku kwetu mwaka 1904. Milima, mito, ng'ombe, na hii niliyokutumia. Wanaume sita wamesimama mbele ya boma la miti, kila mmoja na mkuki. Chini yake mpima ardhi aliandika maneno machache, nayo yakitafsiriwa ni haya: "Wapiganaji sita wa Usumbwa. Majina hayajulikani."

Sasa mtazame wa nne kutoka kushoto. Baba mkubwa, ni wewe! Masikio yako hayo yaliyosimama, kidevu chako chenye shimo, hata namna ya kuinua bega moja ukiudhika. Nilipoiona niliweka kikombe cha chai chini nikatoka nje kwanza. Nimekua nikisikia habari za babu Luhende, shujaa aliyewazuia Wajerumani mtoni siku nzima na mkuki wake. Kila mwaka siku ya wazazi ulizisimulia shuleni, na mimi nikikaa mstari wa mbele. Na sasa nimemwona kwa macho.

Mwezi wa nane tutafanya maonyesho. Mkuu wetu, Bwana Donatus, anasema tukipata hata jina moja tutakuwa tumefanya jambo ambalo Wajerumani wenyewe hawakuweza. Nami ninalo tayari. Nithibitishie tu kwa maandishi, na kama unawajua wale watano wengine, niandikie.

Mwanao,
Zipora


Masumbwe,
9 Machi 2024

Zipora mwanangu,

Marahaba. Bahasha yako ilifika kwa mkono wa konda wa basi la Kahama, akaiacha dukani kwa Swaleh. Swaleh akakaa nayo siku tano akidhani ni ya mteja wake wa mbegu, kwa hiyo usinilaumu mimi kwa siku hizo tano.

Mama yako mkubwa hajambo, ila jino la nyuma limemsumbua mpaka akakubali kwenda kuling'oa, na sasa analalamika kwamba mhudumu alikuwa mtoto mdogo kuliko Nelly. Mvua ni nzuri. Mahindi yamenifika kifuani. Mpunga wa bondeni nadhani mwaka huu utatupa shida ya pa kuanikia. Yule ndama wa madoa ni jike, tumshukuru Mungu. Mwambie Nelly asiache sare imburute, na akumbuke kwamba hesabu haitaki hasira.

Picha nimeiona. Ni ya zamani sana. Macho yangu nayo si yale. Picha za namna hii, mwanangu, mtu huona anachotaka kukiona, na masikio ya kusimama yamejaa Usumbwa nzima. Kwa hiyo juu ya huyo wa nne sina la kuandika kwa sasa.

Wa mwisho kulia ninaweza kukusaidia. Ona mguu wake wa kushoto, unyayo umegeuka ndani. Huyo ni Maganga, nina hakika. Mimi mwenyewe sikumwona, lakini baba alinieleza habari zake mara nyingi. Mguu ule uliungua akiwa kazini, ukapona vibaya. Wajukuu zake walikuwa Ushetu wakilima tumbaku, sijui kama bado wapo.

Michembe inakuja na barua hii. Usimalize peke yako.

Ni mimi baba yako mkubwa,
P. Luhende


Shinyanga Mjini,
2 Aprili 2024

Baba mkubwa,

Shikamoo. Pole kwa mama mkubwa na jino lake. Michembe ilifika, Nelly aliificha kabatini kwake akidhani sioni. Wabeja, asanteni sana. Pasaka tulisali vizuri, na mimi nilisoma somo la kwanza bila kutetemeka.

Nimekuelewa juu ya wa nne. Sitakusukuma. Ila umeandika kwamba mguu wa Maganga uliungua akiwa kazini. Kazi gani, baba mkubwa? Mpiganaji huumizwa vitani. Na tena, mtemi angempa mkuki mtu asiyeweza kukimbia? Nimeuliza tu.

Daftari la mpima ardhi linasema picha ilipigwa mwendo wa saa tatu kutoka kijito kimoja karibu na Nyarugusu. Basi wiki iliyopita nilikwenda. Siku hizi pale ni karasha tu, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, zinanguruma kila upande na vumbi jeupe limekaa juu ya migomba. Niliulizia wazee, nikapelekwa kwa kijana mmoja anaitwa Boaz, mwenye duara lake, shimo la kuchimbia dhahabu, kwa kuwa bibi yake ndiye mtu mzima kuliko wote pale. Bibi Melania amepita miaka tisini. Boaz alisimamisha kazi, wachimbaji wake wakatoka shimoni na matope yao, wakatuzunguka.

Nilimwekea bibi picha mapajani. Aliitazama kidogo tu, akaweka kidole kwa wa kwanza kushoto.

"Huyu ni Kasanda. Baba yake mama yangu."

"Umemjuaje, bibi?"

"Nimekaa mapajani mwake, mtoto wangu. Nimjueje tena?"

Wachimbaji wakapiga makofi. Boaz akaniomba ashike picha, akafuta mikono kwenye shati mara tatu kabla ya kuipokea. Bibi Melania akacheka, akacheka mpaka akakohoa, akaniambia na mambo mengine juu ya siku ile. Hayo nitakueleza tukionana.

Jambo la mwisho. Katika sanduku la nakala zile kumetokea picha ya pili ya watu wale wale, boma lile lile, siku ile ile. Mkuki alioushika wa nne katika picha yako una pete tatu za waya karibu na chuma chake. Katika picha ya pili mkuki huo huo ameushika Kasanda, na wa nne ana mwingine. Pengine waliazimana. Sisemi kitu.

Babu Luhende alikuwa na makovu mikononi? Madogo madogo, kama ya cheche?

Mwanao,
Zipora


Masumbwe,
20 Mei 2024

Zipora,

Ni mimi mama yako mkubwa. Usishtuke kuona mwandiko wangu, hakuna aliyekufa. Jino lilikwisha, asante. Mahindi tumevuna, mpunga bado unaanikwa.

Umepiga simu mara nne kuuliza kama barua yako ilifika, na mara zote mzee amekujibu kwamba mtandao unakatika. Haukatiki. Barua aliipata tarehe saba Aprili. Aliisoma amesimama, kisha akaisoma amekaa. Haumwi. Anakula, anachunga, Jumapili anakwenda kusali. Lakini ile picha ameiweka kwenye jalada la vyeti vyake vya ualimu, na kila akitoka shamba analifungua.

Wiki jana Mwalimu Mkuu Scolastika alikuja hapa nyumbani kumkumbusha siku ya wazazi, kwamba kama kawaida atasimulia habari za babu. Mzee akasema mwaka huu atafutwe mwingine. Nimeishi naye miaka hamsini na moja na sijawahi kumsikia akikataa kusimama mbele ya watoto.

Usimwulize tena, ng'wanone, mwanangu. Wala usimtumie picha nyingine. Anatafuta pa kuanzia. Mimi najua anakotaka kufika, lakini si mimi wa kusema.

Kula vizuri.
Mama yako mkubwa,
Mariana


Masumbwe,
16 Juni 2024

Zipora mwanangu,

Marahaba ya tangu Aprili. Nisamehe kwa kukaa kimya, na kwa kuusingizia mtandao. Mama yako mkubwa amekiri kwamba alikuandikia, na mimi nimekiri kwamba nilijua, maana ndiye aliyeniomba bahasha. Hapa tu wazima. Mpunga umejaa ghala na yule ndama ameanza ujeuri. Nelly akifunga shule mlete, kuna kazi ya kupukuchua.

Sasa nakujibu. Ndiyo, ni Luhende. Nilimjua kabla sijaitoa picha yote kwenye bahasha. Ndiyo, alikuwa na makovu ya cheche, mikono yote miwili mpaka kwenye kiwiko. Na hapana, hakuwa mpiganaji. Babu yangu alikuwa mhunzi. Alifua majembe. Wote sita walikuwa wa kiwanda kimoja, na Maganga ndiye aliyekuwa akivuta mivuo ya kupulizia moto mpaka siku chuma cha moto kilipomwangukia mguuni.

Bibi Melania bila shaka alikuambia ilivyokuwa, maana hakuna kingine cha kumchekesha mtu wa umri ule. Nami nakueleza kama baba alivyonieleza. Mzungu alifika asubuhi na wapagazi wake, akawakuta kazini wamevaa ngozi zao kiunoni, masizi usoni. Akataka kupiga picha, lakini si ya wahunzi. Akawaagiza wapagazi wafungue mzigo, ikatoka mikuki aliyoinunua njiani huko alikopita. Akawasimamisha wote sita, akawavua zile ngozi, akawapa kila mmoja mkuki, akawaambia wakunje uso. Baba alisema kilichomuudhi babu hakikuwa kuvuliwa. Ni ule mkuki. Aliuzungusha mkononi, akawanong'oneza wenzake, "Aliyeufua huu alikuwa na haraka ya kwenda kula." Wenzake wakacheka, Mzungu akawakaripia, ndipo zikaja hizo nyuso unazoziona.

Basi uongo ulitoka wapi? Ulitoka kwangu.

Mwaka 1974 nilikuwa kijana, nimefika shuleni hapa na cheti kipya. Tuliambiwa mkaguzi anakuja na kila darasa liandae igizo la mashujaa waliopigana na wakoloni. Wenzangu walikuwa na mashujaa wa vitabuni. Mimi nikataka wa kwetu. Mto ninaujua, mkuki nilishausikia, jina ninalo. Niliandika kwa siku mbili. Watoto waliigiza vizuri ajabu, mkaguzi akasimama kupiga makofi. Na baba yangu alikuwa amekaa mstari wa pili, kofia mapajani.

Jioni ile tulirudi pamoja. Tulipofika kwenye mashamba ya pamba akaniuliza.

"Pantaleo, yule mtu wa mtoni ni nani?"

"Ni babu, baba."

"Baba yangu mimi?"

"Ndiyo."

Akatembea kidogo. "Baba yangu hakuwahi kumpiga mtu hata kofi. Watu walitembea siku mbili kuja kununua jembe lake. Hilo halikutosha?"

Nikamwambia ni igizo tu. Nikamwambia mwakani nitarekebisha. Mwakani watu waliliomba lile lile. Baba hakuja tena siku ya wazazi. Akafariki mwaka 1981, na mimi nikaendelea, kila mwaka nikiongeza maji ya mto, mpaka nikafika mahali nikisimulia nasikia mwenyewe moyo ukidunda. Na wewe ulikuwa umekaa mbele pale na macho yako makubwa. Ningekuambia nini?

Haya, majina. Kutoka kushoto: Kasanda, kama alivyosema bibi. Lugendo. Shilinde, mdogo wake Lugendo, hao wamefanana hata kwenye picha. Luhende. Wa sita Maganga. Wa tano sina. Baba alinitajia, nakumbuka kabisa kwamba alinitajia, lakini nilikuwa kijana wa haraka, nikasikiliza yale niliyoyataka tu. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Luhende nimemharibu, lakini anaweza kutengenezwa. Huyu wa tano nimempoteza.

Ukiandika ukweli kwenye maonyesho yako, andika pia nani aliongopa. Jina langu unalijua.

Baba yako mkubwa,
Pantaleo


Shinyanga Mjini,
30 Juni 2024

Baba mkubwa,

Shikamoo, na shikamoo tena. Nelly amefunga, Jumamosi nampandisha basi, usimpe kazi zote siku moja. Amekuwa wa sita darasani. Hesabu ni ile ile yenye hasira.

Sitakuficha, barua yako ilinikasirisha siku mbili. Darasa la tano nilipigana na mtoto wa jirani kwa sababu alisema babu yake alikuwa jasiri kuliko Luhende. Nilimng'oa kifungo cha shati, nikachapwa, na nikaona ni haki kuchapwa kwa ajili ya shujaa. Nilimkumbuka yule mtoto nikiwa naosha vyombo, nikacheka peke yangu, hasira ikaisha.

Nami nina la kukiri. Bibi Melania aliniambia yote siku ile ile, mwezi wa tatu. Mikuki ya Mzungu, nyuso za kukunjwa, vicheko. Akamaliza kwa kusema, "Hawa walikuwa mafundi, mama. Wapiganaji walikuja kwao kununua." Nilirudi na maneno hayo hadi Shinyanga na sikuweza kuyaandika. Niliogopa kukuvunja. Ndiyo maana nikaanza kukuuliza habari za waya na makovu, kama polisi. Nisamehe.

Kazini ilikuwa kazi. Bwana Donatus alikuwa amekwisha agiza bango kubwa la mlangoni, "Mashujaa wa Usumbwa", na picha yetu katikati. Nikaingia ofisini kwake na barua yako.

"Zipora, watu watatoka majumbani kuja kuona wafua majembe?"

"Watakuja kuona watu wenye majina."

"Mashujaa huvuta watu."

"Mkuu, picha zote mbili zitatundikwa. Mtoto wa darasa la nne ataona mkuki mmoja umeshikwa na watu wawili. Atatuuliza sisi."

Akachukua kioo cha kukuzia, akatazama picha ya kwanza, akatazama ya pili. Mwisho akasema, "Lete mkasi." Bango tumelikata wenyewe. Limebaki "wa Usumbwa", na mbele yake nimebandika "Wahunzi". Herufi hazilingani lakini linasomeka.

Kuhusu jina lako sitaandika. Si kwa kukuhurumia. Wewe ndiye unayejua kulisema hilo, na wa kuambiwa si watu wa Shinyanga.

Maonyesho ni Jumatano tarehe 14 Agosti. Nimekuwekea kiti cha mbele.

Mwanao,
Zipora


Shinyanga Mjini,
17 Agosti 2024

Baba mkubwa,

Shikamoo. Nelly amerudi amenenepa na mikono migumu, anajisifia ameshika kwato za ndama. Asanteni.

Kiti chako kilibaki wazi. Nilikilinda mpaka saa tano, kisha akakaa mama mmoja mjamzito na sikuwa na moyo wa kumwinua. Hukupiga simu. Nilipopiga mimi, mama mkubwa alipokea akasema tu, "Mzee ametoka na suti." Nimeamua nisiulize.

Ila nikueleze, maana ilipendeza. Boaz alimleta bibi Melania kwa gari la Noah la kukodi pamoja na wachimbaji wanane, wote wamevaa mashati yaliyopigwa pasi. Kutoka Ushetu alikuja Wiliam, mkulima wa tumbaku, mjukuu wa Maganga. Nilimpata kupitia chama chao cha ushirika. Yule bwana alisimama mbele ya picha, akautazama ule mguu uliogeuka, akavua kiatu chake pale pale akatuonyesha wa kwake. Umegeuka vile vile! Familia nzima walikuwa wanajua tu kwamba "tumezaliwa hivyo". Sasa hatujui tena kama ni kuungua au kuzaliwa, tumeacha.

Bibi Melania alikataa kiti. Alishikwa mkono na Boaz mpaka karibu na ukuta, akaanza kuwasalimia mmoja mmoja kwa Kisumbwa, kwa jina, na kila akimaliza mmoja anatega sikio kama anayesubiri kuitikiwa. Kasanda. Lugendo. Shilinde. Luhende. Alipofika kwa wa tano akasimama. Nilikuwa nimeandika chini yake, "Huyu bado hatujamjua." Boaz akamsomea. Bibi akamtazama yule mtu muda mrefu, akasema kitu, watu wazima wote nyuma yangu wakainamisha vichwa. Kisumbwa chake ni cha kale, nikamwomba Boaz anitafsirie.

"Amemwambia, sisi ndio tuliosahau, wewe huna kosa."

Bwana Donatus alitoka nje. Alirudi macho mekundu akasema ni vumbi.

Tangu siku hiyo watu wanakuja, na karibu kila mmoja anasimama mbele ya wa tano akijaribu kuona kama anafanana na mtu wa kwao. Wawili wameacha namba za simu.

Uko salama?

Zipora


Masumbwe,
31 Agosti 2024

Zipora mwanangu,

Marahaba. Niko salama, na suti pia, ingawa mama yako mkubwa anasema nimeipasua kwapani.

Tarehe 14 ilikuwa siku ya wazazi. Nilitoka hapa nikiwa na nia ya kuja kwako, nikafika hadi stendi, basi likaja, konda akachukua begi langu. Nikamwambia anirudishie. Ulikuwa umeniandikia kwamba wa kuambiwa si watu wa Shinyanga, na maneno hayo yalikuwa yamenikaa tumboni tangu Julai. Nikaenda shuleni kwa miguu.

Mwalimu Mkuu Scolastika aliponiona akafurahi, akadhani nimebadili mawazo. Akanipa kipaza sauti. Wazazi wamejaa, nusu yao niliwafundisha mimi. Nikawaambia, "Kwa miaka hamsini nimewasimulia habari za Luhende wa mtoni. Hakukuwa na mto. Hakukuwa na vita. Niliitunga mimi."

Kisha binti mmoja wa darasa la sita akanyoosha mkono, vizuri, kama nilivyowafundisha mama zao.

"Mwalimu, kwa hiyo tukiulizwa tujibu nini?"

"Mjibu kwamba alikuwa mhunzi."

"Na juu yako tujibu nini?"

"Juu yangu mjibu kwamba niliongopa, nikaona haya, nikarudi kusema."

Mzee mmoja nyuma, mwanafunzi wangu wa mwaka 1974, ndiye aliyeigiza Luhende mara ya kwanza, akapaza sauti, "Mwalimu, na ule mkuki wa mabua ulinichoma jicho bure?" Watu wakaanguka kicheko. Nilicheka mpaka machozi, na sehemu ya machozi hayakuwa ya kicheko. Si wote waliofurahi. Kaka mmoja wa ukoo alitoka bila kuniaga, na mpaka leo akiniona sokoni anageukia nyanya. Nitakwenda kwake.

Lakini sikia lililofuata. Binti yule alitaka kujua jembe linatengenezwaje kutoka udongo. Nikamwambia njoo na wenzako Jumamosi. Walikuja arobaini na mbili na Mwalimu Mkuu wao. Niliwapeleka kule bondeni nyuma ya zahanati, ambako babu alihamia uzeeni. Yale mawe meusi, mazito, yenye matundu, ambayo watu wanazuilia milango, ni mavi ya chuma yaliyotoka kwenye tanuru lake. Baba alinionyesha nikiwa na miaka saba. Sikuwahi kumwonyesha mtu. Watoto walikuta kingo za tanuru lenyewe chini ya majani, udongo umeiva mwekundu kama chungu, wakapiga kelele mpaka wauguzi wakatoka nje.

Nilikaa pale, nikawaeleza mivuo ilivutwaje, mkaa wa mti gani, watu walipanga foleni wapi. Kila neno nililosema nililisikia kwa baba yangu. Sikuongeza hata moja. Kwanza niliogopa kwamba bila mto hawatasikiliza. Walisikiliza, mwanangu. Jua lilikuwa kali na hakuna aliyeomba kwenda kunywa maji.

Nilirudi nyumbani na njaa ya ajabu, nikala ugali sahani mbili. Mama yako mkubwa akaniuliza nilikuwa nafanya nini kutwa nzima.

Nikamwambia, leo nimefundisha.

Baba yako mkubwa,
Pantaleo, mjukuu wa mhunzi